Nimemgonga bibi wa watu kwenye njia ya baiskeli Morogoro Road. Waendesha baiskeli wenzangu, tuzungumze

Fundi Manzese (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mimi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kipo Manzese hapa Dar es Salaam, na kila siku ya Mungu natoka Kimara kwa baiskeli kwenda kazini. Mwaka wa kumi na moja sasa. Jambo hili limenikaa kifuani wiki tatu. Nimeona bora nilitoe hapa kwa sababu najua humu wamo wapanda baiskeli, wenye magari, bodaboda na wanaokwenda kwa miguu.

Asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu hivi, nimeshuka mteremko wa Kibo, nimepita Ubungo, nakaribia kituo cha Urafiki. Niko kwenye njia ya baiskeli, ile iliyojengwa pembeni pamoja na barabara ya mabasi ya mwendokasi. Mbele yangu bibi mmoja anatembea njia ya miguu, ana kikapu mkononi. Kwenye njia yake kuna meza ya chai na vitumbua, wateja wamesimama wameiziba yote. Bibi akafanya ambalo ningefanya mimi au wewe: akakwepa, akaingia njia yangu. Kengele sikuwa nayo. Nikapaza sauti, "Bibi!" Mtu akiitwa hugeuka amtazame anayemwita, hasogei. Akageuka. Usukani ukampiga ubavuni, akaanguka akajishikiza kwa mkono, na mkono ukavunjika juu kidogo ya kiganja.

Watu wakajaa. Kilichoniumiza ni kwamba wengi walinitetea mimi. "Bibi, hiyo njia ya baiskeli, hukuona alama?" Kijana mmoja akanishika bega akaniambia niondoke zangu, sina kosa. Sikuondoka. Nilimpeleka hospitalini kwa bajaji, nikakaa naye mpaka wanawe walipofika. Lakini lile neno "huna kosa" linanifuata mpaka leo. Njia ilikuwa yangu, sawa. Mfupa ni wake.

Jioni ile nikaigeuza baiskeli yangu miguu juu, nikaikagua kama ya mteja. Kengele niliitoa mwaka juzi ilipoota kutu, sikurudisha nyingine. Breki ya mbele imelegea. Rimu zangu ni za chuma, na asubuhi ile kulikuwa na manyunyu. Chuma kikilowa, mpira wa breki unateleza kwanza ndipo unashika. Haya nawaambia wateja kila msimu wa mvua. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu yeyote anayewahi kazini, unapita mita tano na nusu kila sekunde, na sekunde ya kwanza yote huishia kwenye kushtuka. Bibi alikuwa kama mita nne mbele yangu alipokunja. Hata breki mpya zisingenisaidia. Nilichotakiwa ni kupunguza mwendo mapema, nilipoiona ile meza na wale watu, maana anayefika pale kwa miguu hana pengine pa kupita.

Na meza niliiona. Naipita kila siku.

Sasa nije kwenye tunayoyafanya sisi wenyewe, halafu nitafika kwa wenye magari, msiwe na haraka.

Kwanza hili la kwenda kinyume. Wateja wangu wengi, hasa wauza mayai na wasambaza mikate, wanasema wanapita kinyume na magari ili waone kinachowajia. Nilipokuwa kijana niliamini hivyo hivyo. Lakini mfikirie dereva anayetoka mtaa wa pembeni, tuseme pale Tip Top, anataka kuingia barabara kubwa akunje kushoto. Nchi yetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo magari yanamjia kutoka kulia. Macho yake yote yako kulia. Akipata mwanya tu anakanyaga mafuta. Wewe unamjia kutoka kushoto, upande ambao hana sababu ya kuutazama. Halafu kuna hesabu ya mwendo. Gari likienda 50, ambao ndio mwisho kisheria kwenye makazi ya watu, nawe ukienda 15, mkiwa mnaelekea upande mmoja linakukaribia kwa 35. Mkielekeana ni 65. Muda wa kuonana unakatika karibu nusu nzima. Baiskeli ninazoletewa uma wa mbele umerudi nyuma mpaka tairi linagusa pedali, nikiuliza ilikuwaje, mara nyingi jibu ni moja: nilikuwa nakuja kinyume, gari likachomoza mtaani.

Pili, kuingia njia ya mwendokasi kwa sababu imenyooka na iko wazi. Ndugu zangu, ile njia iko wazi kwa sababu basi linakuja. Dereva wa lile basi ana ukingo wa zege kushoto na basi jingine linalotoka mbele upande wa kulia. Hana pa kukukwepea. Amebeba watu waliosimama wameshikilia vyuma, akifunga breki za ghafla wote wanakwenda chini. Sipati maneno ya kulitetea hili kabisa.

Tatu, kupita kushoto kwa daladala iliyosimama. Mlango uko kushoto! Konda anaruka kabla gari halijatulia, abiria anashuka na mtoto mgongoni, wewe unapita katikati ya mlango na mtaro ukipiga mluzi. Subiri. Ni nusu dakika.

Taa nitaisema kwa ufupi kwa sababu wote tunajua. Ukitoka Kariakoo saa moja usiku, umevaa nguo nyeusi, keria imebeba gunia jeusi, dereva anakuona ukiwa tayari mbele ya bampa lake. Rifleta nyekundu ya nyuma nauza bei ya soda.

Nimesema nitafika kwa wenye magari. Mwendokasi wa Kimara mpaka Kivukoni ulianza kubeba abiria Mei 2016, na kwa mradi ule jiji letu likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, la kwanza kuipata barani Afrika. Nilifurahi kweli. Wenzetu wa UWABA, Umoja wa Wapanda Baiskeli, walikuwa wameshapiga kelele miaka kadhaa kwamba baiskeli ihesabiwe kwenye barabara za jiji hili. Sasa pita leo njia hiyo hiyo asubuhi. Bodaboda wamo, tena wanakupigia honi uwapishe kwenye njia yako. Gari limepandishwa matairi mawili juu, mwenyewe yuko benki. Oktoba 2021 machinga walipohamishwa pembezoni mwa barabara, njia zilionekana mwisho hadi mwisho. Kisha meza zikarudi mojamoja, na siwalaumu sana, mtu anatafuta riziki penye watu. Ila ukiunganisha yote hayo unakuta mtembea kwa miguu amesukumwa kwa mwenye baiskeli, mwenye baiskeli amesukumwa barabarani, na barabarani kuna lori. Kila mmoja anamsukumia mdogo wake.

Ukikunja Ubungo kuingia barabara ya Mandela ndiyo balaa lenyewe. Njia ya pembeni ipo na haipo: hapa imeliwa na lori lililoegeshwa, pale na gereji, mbele mfuniko wa mtaro umechukuliwa, kumebaki shimo la kumeza gurudumu. Wabeba mkaa na madafu wote wanajibana kwenye bega la barabara, penye mchanga, na makontena yanakwenda bandarini. Mtu huyo akipanda njia ya miguu siwezi kumwita mhuni. Anaokoa roho yake. Ninachomwomba ni kwamba akishapanda kule, ajue kaingia nyumba ya mtu. Aende kwa mwendo wa miguu. Pakibana, ashuke akokote.

Nataka mawazo yenu. Wanaotembea kwa miguu hasa, mnatuonaje?

Mama Pacha wa Magomeni

Fundi, pole, na umefanya vizuri kutomkimbia bibi wa watu.

Umeuliza tunawaonaje. Nina watoto wawili wa miaka sita, nawapeleka shule kwa miguu kupitia Mwembechai. Mkono huu mmoja, mkono huu mwingine. Watu watatu tumeshikana hatuwezi kujigawa tukakupisha kwa sekunde moja. Baiskeli ikitokea nyuma na kengele ya kukimbiza, mtoto mmoja anakimbilia kulia na mwenzake anavuta kushoto. Kwa hiyo hata hiyo kengele unayotaka kuirudisha, naomba usiipige kama amri ya kunitoa njiani. Ipige mbali, mara moja, halafu punguza mwendo, nikishasikia nitajipanga. Wapo wazee wanaosema "samahani mama, napita kulia kwako". Maneno matano hayo, na siku yangu inakwenda vizuri.

Jambo la pili ni vivuko vya pundamilia vya kwenye vituo vya mwendokasi. Magari yamesimama, taa inaturuhusu, tunavuka, halafu baiskeli inapenya katikati ya magari kama vile taa nyekundu haiihusu. Watoto nimewafundisha kutazama magari. Baiskeli haina mlio, hawaisikii.

Dereva wa Semi

Naendesha lori la kontena bandarini kwenda mikoani na Mandela ndiyo njia yangu. Nitasema ninachokiona kutoka juu, kwa sababu nyie wa chini hamjawahi kukaa hapa.

Niko juu sana. Upande wa kushoto, kuanzia kona ya kichwa cha gari kurudi nyuma mpaka usawa wa mlango, kuna eneo ambalo sioni kitu. Baiskeli inaingia yote humo, na mwenyewe juu yake. Tingo ananisaidia kutazama, lakini na yeye ni binadamu, na siku nyingine sina tingo.

Gari likitaka kukunja kushoto, kichwa kinatangulia kwenda kulia kidogo kutafuta nafasi. Mwenye baiskeli anadhani nakwenda kulia, anapenya kushoto. Hapo ndipo hatari ilipo. Trela haifuati kichwa, inakata kona. Matairi ya nyuma yanapita ndani kabisa, yanasugua ukingo. Aliyekuwa na mita mbili za nafasi kichwa kilipopita, anajikuta hana hata nusu mita trela inapofika.

Nawaomba pale mataa msije mkasimama ubavuni kwangu. Kaeni nyuma, au tanguliani mbele kabisa mnapoonekana. Tazama kioo changu cha pembeni: ukiuona uso wangu humo, na mimi nakuona. Usipouona, wewe kwangu haupo. Na wale wanaoshika mnyororo wa trela wavutwe mlimani, mimi nasimamisha gari nawashusha. Wanaona namtesa mtu, ila mimi ndiye nitakayelala na picha hiyo.

Boda wa Kona

Nakubali tunapita njia ya baiskeli, siwezi kusema uongo. Foleni ikiganda abiria anakuambia "pita huko pembeni, nimechelewa", ukikataa anashuka anachukua mwenzako. Hilo mkae mlijue. Lakini uzi huu umenigusa kwenye hiyo habari ya kumsukumia mdogo. Pikipiki na mimi na abiria tunafika kilo mia mbili na kitu. Bibi yule angegongwa na mimi tusingekuwa tunazungumzia mkono.

Ila jamani, hata jina boda lenyewe tumelirithi kwenu. Kazi hii ilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia, watu wanavushwa kwenye keria kutoka Kenya kwenda Uganda. Tusiitane maadui.

Mkongwe wa Tanga

Wanangu, hapa Tanga baiskeli ni kama viatu, kila nyumba inayo, na mji ni tambarare, Mungu katujalia. Nimepanda tangu enzi za baiskeli za Foniksi na Swala. Wakati huo baiskeli ilikatiwa leseni halmashauri kila mwaka. Usiku bila dainamo inayowaka hupiti. Askari akikukuta anakutolea upepo matairi yote mawili na unakokota mpaka nyumbani. Tulikasirika sana. Ila tulikuwa na taa.

Sitaki leseni irudi, itakuwa mzigo kwa muuza samaki. Nataka lile jicho la askari lirudi kutazama breki na taa. Siku hizi trafiki anasimamisha kila chombo, baiskeli inapita mbele yake haina hata breki na hageuzi shingo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inatuhesabu kuwa nasi ni chombo. Kutokutazamwa na askari, wengine mnakuona ni uhuru. Mimi nakuona ni kuhesabiwa kuwa hatupo.

Na fundi, mzigo. Mbona hukusema juu ya mzigo?

Mbongo Utrecht

Niko Uholanzi mwaka wa sita, na huku ndiko wanakosema ni peponi kwa baiskeli. Niwaambie haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1971 barabara za nchi hii ndogo ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani kuandamana, wakalipa vuguvugu lao jina kali lenye maana ya "acheni mauaji ya watoto". Njia hizi nzuri mnazoziona kwenye picha zilidaiwa na watu wenye uchungu.

Mawili ya huku yanahusu uzi huu. Watoto wa shule ya msingi wanafanya mtihani wa usalama barabarani, wa kuandika na wa kuendesha baiskeli yenyewe mitaani huku wakitazamwa. Na kwenye sheria yao, gari likimgonga mwenye baiskeli au mtembea kwa miguu, mzigo wa fidia unaanzia kwa mwenye gari. Aliyegongwa akiwa mtoto chini ya miaka 14, kwa kawaida analipwa yote hata kama ni yeye aliyekatiza vibaya. Mtu mzima analipwa angalau nusu, mwenye gari asipothibitisha kwamba hakuwa na namna ya kuepuka. Msingi wake ni ule ule alioutaja fundi, kwamba mwenye chombo kizito ndiye mwenye uwezo wa kuumiza.

Wenyeji si malaika. Kushika simu mkononi ukiwa juu ya baiskeli ilibidi kupigwe marufuku Julai 2019, na bado wanashika.

Fundi Manzese (mwanzisha uzi)

Asanteni sana wote. Nimesoma kila mmoja.

Mama Pacha, hilo la pundamilia sikuliandika kwa sababu nalifanya. Nimelisoma mara mbili. Taa nyekundu napenya kwa kujiambia kwamba mimi mwembamba, naenea popote. Nimeacha tangu Jumatatu na sijachelewa kazini hata siku moja.

Dereva wa Semi, nimeuandika ujumbe wako kwenye kipande cha boksi nikautundika kijiweni, ule wa uso kwenye kioo. Wabeba mkaa wawili wameniomba niwaeleze trela inavyokata kona. Nikachora mchangani kwa kijiti. Mmoja akanyamaza kimya, kisha akasema ndugu yake alikufa hivyo hivyo na mpaka siku ile hakuwa ameelewa ilikuwaje, maana walisema lori lilikuwa linakwenda kulia.

Mzee wa Tanga, shikamoo. Ni kweli nilisahau mzigo, na kwenye kazi yangu ndio unaoleta spoki zilizokatika na rimu zilizopinda. Trei za mayai zikipangwa juu mpaka usawa wa kichwa, uzito wote unakaa nyuma na juu, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unayumba kwa kijiwe kidogo tu. Mbele kukiwa kwepesi kiasi hicho usukani haukutii, na breki za kawaida hazitoshi kusimamisha uzito ule kwenye mteremko kama wa Kimara. Mwenye mzigo wa namna hiyo namwambia ashushe nusu kwenye vikapu vya ubavuni, vikae chini usawa wa ekseli. Mkaa vilevile: gunia moja lililolazwa ni salama kuliko mawili yaliyosimamishwa. Na upana pia. Gunia likijitokeza nusu mita kila upande, wewe unajiona umempita mtu vizuri, kumbe gunia limemchota.

Boda wa Kona, karibu kijiweni siku yoyote, tunywe kahawa.

Wengi mmeniandikia pembeni mkiuliza hali ya bibi. Nakwenda kumwona kila Jumapili, kwao hapahapa Ubungo. Hogo bado halijatolewa, wamesema zimebaki wiki tatu. Yeye ni msuka ukili, mikeka yake ndiyo iliyosomesha wanawe. Nilipokwenda juzi nilimkuta amekaa kibarazani, mkono ameufunga shingoni, mjukuu wake wa kike anasuka badala yake. Bibi anafuata vidole vya yule binti kwa macho, na kila akikosea anamfumulisha aanze upya. Aliponiona akaniuliza kama nimeshaweka kengele. Nikamwambia nimeweka. Akataka aisikie, nikaisogeza baiskeli mpaka barazani nikaipiga, naye akasema ni kali mno, nitafute yenye sauti ya chini kidogo.